Ile ya Kwanza Ulinunua?

Kanda yenyewe ilikuwa TDK ya dakika 90, na haikuwa yangu. Ilikuwa ya baba. Pande zote mbili zilijaa nyimbo za bendi ya Sikinde, alizozirekodi mwenyewe kutoka redioni, kidole juu ya kitufe, pumzi ameizuia, asije akanasa sauti ya mtangazaji. Mwaka 1995 niliufuta upande wa kwanza bila kumwomba ruhusa, nikaweka Illmatic, albamu ya rapa Nas.

Kanda ya kunakili tuliipata kwa kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyekuwa kibarua bandarini. Baharia mmoja alimwazima kwa siku mbili. Tulikaa usiku kucha na redio kaseti ya milango miwili, taa imezimwa ili umeme utoshe, tukisikiliza utepe unavyojivuta. Albamu ile haifiki hata dakika 40. Kwa hiyo ilienea upande mmoja, na mwishoni pakabaki dakika tano ambazo hatukuzigusa. Ndiyo maana kwangu, kwa miaka mingi, Illmatic haikuisha kwa kimya. Wimbo wa mwisho ulikatika, pakasikika mkwaruzo, kisha tarumbeta za Sikinde zikaibuka katikati ya ubeti, na sauti ya mtu wa Dar es Salaam ikaendelea na masikitiko yake ya mapenzi.

Baba alipogundua hakunipiga. Alisikiliza akiwa ameshika randa, uso hauna neno. Wimbo wa tatu ulipofika mwisho, pale penye ala ya kupuliza inayolia peke yake juu ya mdundo, aliinua kichwa. "Huyo anapiga vizuri," alisema, akarudi kwenye ubao wake. Ilichukua miaka kabla sijasoma kwamba aliyepuliza pale ni Olu Dara, mpiga kornet wa jazi, na kwamba ndiye baba mzazi wa Nas. Kijana wa miaka 20 alimwita baba yake studio ampigie kipande cha mwisho. Laiti ningelijua siku ile nimwambie baba.

Tulikaa Keko. Anayeijua Dar es Salaam anajua Keko ni samani: vumbi la mbao, harufu ya vanishi, makabati yamepangwa hadi ukingoni mwa barabara. Karakana ya baba ilikuwa bati nne na nguzo sita. Alikuwa na jina kwa kitu kimoja tu, viti vya mninga vya kuegemea, mgongo wa fito, bila msumari hata mmoja. Kila kiungo kilikuwa ulimi unaoingia kwenye tundu lake, na tundu lilichongwa kwa patasi mpaka ulimi uingie kwa kugongwa taratibu. Kiti kimoja kilimla wiki nzima na zaidi. Wateja wake walikuwa wachache, waliokuja kwa miguu na kukaa kuzungumza.

Mimi Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha kwanza, na Nas nilimfuata kwa kamusi. Neno kwa neno, jioni kwa jioni, nikisimamisha kanda, nikirudisha, nikiandika kwenye daftari la hesabu. Nilijua Queensbridge kabla sijajua Mbagala vizuri. Nilijua ni mtaa wa nyumba za serikali, mkubwa kuliko yote ya aina hiyo Marekani, majengo ya matofali yanayofanana, na kwamba mvulana aliyeacha shule akiwa mdogo alikaa dirishani pale akaangalia chini na kuandika alichokiona. Kuna wimbo mzima ambao ni barua kwa marafiki walio gerezani: anawapa habari za mtaani, nani kazaa, nani kageuka. Mtaani kwetu kulikuwa na nyumba tatu zenye mtu gerezani, na gereza lenyewe, Keko, lilikuwa jirani. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba jambo la namna ile linaweza kuwa wimbo.

Ndiyo maana albamu ya pili iliniuma vile.

It Was Written ilitoka Julai 1996 na moja kwa moja ikakaa nafasi ya kwanza kwenye chati ya Billboard. Illmatic haikuwahi kupita nafasi ya 12. Ile ya pili ingeuza nakala zaidi ya milioni 2 Marekani peke yake, wakati ile ya kwanza, ambayo leo wanaiita msahafu wa hip hop, ilihitaji hadi mwaka 2001 kufikisha milioni 1. Lakini wahakiki wengi wa wakati ule walinung'unika, na vijiweni tulinung'unika zaidi. Illmatic ilikuwa imejengwa na mafundi wa midundo waliokuwa kileleni, DJ Premier, Pete Rock, Large Professor, Q-Tip, na L.E.S. wa palepale mtaani. Sasa sehemu kubwa ya kazi walipewa Trackmasters, watu wa vibao vya redioni. Premier alibakiwa na wimbo mmoja. Kiitikio cha "Street Dreams" kilitembea juu ya wimbo wa Eurythmics ambao hata wazungu watalii waliuimba. Na kijana wa dirishani alikuwa amevaa suti na kujiita Escobar, jina la mfanyabiashara wa kokeini wa Kolombia.

Hapa Dar wimbo wa "If I Ruled the World", aliomshirikisha Lauryn Hill, ulipigwa kila mahali. Radio One ilikuwa na miaka miwili tu hewani na ilikuwa imebadilisha masikio ya mji mzima. Daladala za Temeke ziliupiga, disko la mchana la Jumapili liliupiga, dada zangu waliosema rapu ni makelele waliuimba wakifua. Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Kitu nilichokihangaikia na kamusi sasa kilikuwa cha kila mtu, tena kwa bei rahisi.

"Nas amechuja," nilisema maskani. Na kuchuja, kwa lugha yetu ya wakati ule, hakukuwa na rufaa. Wengine walikuwa watu wa Tupac na hawakuhitaji kushawishiwa. Tupac alipokufa Septemba ile, na albamu iliyotoka baada ya kifo chake ikamtaja Nas kwa ubaya, kesi ikafungwa. Nilipata nakala ya It Was Written na nikainakili, lakini sikufuta upande wa pili wa kanda ya baba. Niliona haistahili. Niliiweka kwenye kanda ya mafungu niliyookota, isiyotosha, ikakatika kabla ya mwisho. Nilisikiliza mara tatu au nne hivi. Kamusi sikuifungua.

Mwaka huohuo karakana ya baba nayo ilibadilika.

Viti vya mninga vilikoma. Badala yake yakaja makochi, yale ya mikono minene kama mito, kitambaa cha maua makubwa mekundu au ya kijani, sponji, kingo za kamba inayong'aa. Seti ya viti vitano ilitoka kwa siku nne. Wateja hawakukaa kuzungumza. Walikuja na gari la kukodi, wakahesabu pesa, wakapakia. Vijana wawili waliajiriwa kupiga kitambaa. Baba alianza kurudi nyumbani na nyuzi za sponji kwenye nywele badala ya vumbi jekundu la mninga, na sijui kwa nini zile nyuzi ndizo zilizonikera kuliko yote. Marafiki zangu wa shule waliponiuliza mzee wangu anafanya nini niliwaambia anatengeneza viti vya mninga. Uongo ule niliuendeleza miaka minne.

Kwetu neno kama "amechuja" halisemwi mbele ya baba. Nilimwambia mama. Nilimwambia kwamba baba naye amechuja, kama Nas. Mama hakujua Nas ni nani. Alikuwa anachambua mchele. Hakunijibu, alipomaliza alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na bahasha ya ada ya muhula, akasema nisichelewe kuipeleka.

Nilikuwa nimefaulu darasa la saba vibaya. Sikuchaguliwa kwenda sekondari ya serikali. Januari 1995 nilianza kidato cha kwanza kwenye shule ya binafsi, ambako ada ya mwaka mmoja ilikuwa viti vingi vya mninga, vingi kuliko ambavyo mtu mmoja mwenye patasi angeweza kutengeneza mwaka huo. Hesabu hii nyepesi, ambayo mtoto wa darasa la nne angeifanya, mimi sikuifanya mpaka nilipokuwa na mtoto wangu.

Mwaka 2003 nilikuwa naandika ukurasa wa burudani katika gazeti moja la wiki. Ulikuwa wakati mzuri wa muziki wetu. Mambo ambayo rapa Mr II na wenzake waliyapigania miaka ya tisini yalikuwa yamekubalika, redio ziliupiga muziki wa vijana asubuhi hadi usiku, na mtu aliyechana kwa Kiswahili hakuonekana tena mhuni. Rapa mmoja wa kwetu, jina lake litabaki kwangu, alitoa albamu ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya uswahilini kwelikweli, maji ya dumu, mama ntilie, polisi wa usiku, na mistari ilipangwa kwa umakini uliokufanya urudishe kanda nyuma. Ya pili ilikuwa na viitikio vya kuimba, mademu, harusi. Ilipigwa kwenye kumbi zote. Niliandika ukurasa mzima na kichwa cha habari nilikiweka mwenyewe: neno lilelile la maskani, kwa herufi kubwa.

Sikusema uongo katika makala ile. Nyimbo nyingi zilikuwa dhaifu, na ningezisema dhaifu hata leo. Ila niliongeza jambo ambalo sikuwa na ushahidi nalo, kwamba mtu huyu ameuza nafsi yake kwa pesa, kana kwamba niliiona pesa yenyewe.

Alikuja ofisini siku ya tatu. Hakuja kugombana. Alisimama mlangoni na gazeti limekunjwa kwapani, akanisalimia kwa heshima, akauliza kama ana dakika mbili. Akasema makala ameisoma yote na mengine ni kweli. Kisha akauliza, "Kaka, ile ya kwanza ulinunua?"

Sikununua. Niliinakilisha kwenye kibanda Kariakoo, kama kila mtu niliyemjua. Alinitazama akingoja, na nadhani alijua jibu tangu alipopanda ngazi. Akanieleza kwa kifupi, bila kulalamika, kwamba ile ya kwanza alimkabidhi msambazaji kanda mama, akalipwa mara moja tu, na fedha ile iliishia kwenye kodi ya chumba na deni la studio. Iliyosifiwa ndiyo iliyomwacha mikono mitupu. Akanishukuru, akaondoka.

Kwa miezi kadhaa niliukwepa ukurasa wangu mwenyewe, niliandika mpira. Na katika kipindi hicho ndipo nilipoanza kusoma juu ya Nas kwa namna nyingine, nikitafuta habari za mauzo badala ya habari za mistari. Illmatic ilikuwa imevuja mitaani New York hata kabla ya siku ya kutoka. Nakala za bandia zilizagaa. Jarida la The Source liliipa alama zote tano, sifa ambayo ilikuwa adimu, na bado mauzo yakasuasua. Mwaka uleule wa 1994 Nas alikuwa amepata binti. Alikuwa baba wa miaka 20, ana jina kubwa na albamu inayopendwa sana na watu ambao wengi wao hawakuilipia. Ndipo akamchukua Steve Stoute kuwa meneja, na Stoute akamfikisha kwa Trackmasters.

Mimi nilikuwa mmoja wa hao wasiolipa. Usiku ule wa redio kaseti ya milango miwili, taa zimezimwa, nilikuwa naufanya upande wangu mdogo wa jambo ambalo baadaye nilimlaumu nalo. Najua mtu atasema kanda moja ya Keko haikumfilisi kijana wa Queensbridge, na ni kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ilikuwa bado haijatungwa, COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini, haijazaliwa, na duka la kununua kanda halali ya Illmatic mimi sikulijua Dar es Salaam nzima. Lakini rapa aliyesimama mlangoni kwangu alikuwa wa mji huu, kanda yake halali iliuzwa, na duka nililipita nikiwa njiani kwenda kwenye kibanda.

Nilinunua It Was Written mwaka 2005, sidii, kwa fedha yangu. Nikaisikiliza kama nilivyoisikiliza ile ya kwanza, kwa kamusi karibu, ingawa sasa Kiingereza changu kilikuwa kimekomaa. Wimbo wa nne ndio ule mmoja wa Premier, "I Gave You Power". Mwaka 1996 niliusikia nikadhani ni mtu anajisifia bunduki, nikaruka. Sivyo. Anayesema ni bunduki yenyewe. Inasimulia ilivyotengenezwa, ilivyofichwa kabatini pamoja na bunduki nyingine zilizochoka, ilivyotolewa usiku kutumwa kuua. Inachoka na kazi hiyo. Siku mwenyewe anapoihitaji, inaamua kukataa. Risasi haitoki, mwenyewe anapigwa, anaanguka. Na ikiwa chini pale, ikidhani imepona, mkono mwingine unaiokota.

Nilikaa nikitetemeka. Katika albamu niliyoiita ya kujiuza, kulikuwa na jambo ambalo hata Illmatic haikulithubutu, na nililiruka kwa sababu wimbo wa mbele yake ulikuwa na kiitikio cha Eurythmics. Nikaendelea. "Take It in Blood" ina vina vimefumwa ndani kwa ndani mpaka unasahau kuvuta pumzi. "The Message", uliojengwa juu ya gitaa la wimbo wa Sting, unafungua albamu kwa utulivu wa mtu asiye na haraka ya kupendwa. Lupe Fiasco wa Chicago amesema wazi kwamba albamu hii ya pili anaipenda kuliko ya kwanza, na leo naelewa kwa nini.

Simaanishi kwamba wahakiki walikosea kila mahali. "Nas Is Coming", wa Dr. Dre, ni mzito bila sababu. Lile vazi la Escobar lilimbana, na mtu aliyekuwa anaona mambo kwa macho yake dirishani hakuhitaji kuazima macho ya filamu za majambazi. Albamu ni ndefu kuliko ilivyopaswa. Haya nayasema nikiwa nimelipa, na nimegundua kwamba ukiwa umelipa unasema kwa sauti tofauti. Unasema wimbo huu umepungua. Huna haja tena ya kusema mtu huyu amekufa.

Rapa wa kwetu nilimtafuta mwaka uliofuata kumwambia hivyo. Alikuwa ameacha muziki, anauza vipuri vya magari. Tulikunywa chai. Kanda yake ya kwanza halali hakuwa nayo hata yeye. Alicheka nilipomwomba aniuzie.

Mwaka 2009 baba alikuwa ameshafunga karakana, mguu unamsumbua. Shangazi alituletea kochi lake, moja ya seti ya mwaka 1996, maua mekundu yamefifia yakawa rangi ya chai ya maziwa, sponji imekuwa unga. Alitaka tulivalishe upya. Nilisema ni bora kununua jipya. Ndani ya makochi ya siku zile, kama yale yaliyojaza barabara ya Keko, hutegemei kukuta zaidi ya paini na misumari. Baba akasema tulifungue kwanza.

Tulilipindua uani. Alikaa kwenye kigoda, mimi nikang'oa pini moja moja na kukivua kitambaa. Chini yake gunia, chini ya gunia kamba za raba zilizokauka. Kisha mbao. Zilikuwa paini kweli, mbao rahisi. Lakini kwenye pembe nilitafuta vichwa vya misumari na sikuviona. Nilipitisha kidole. Kila pembe ilikuwa ulimi ndani ya tundu, umechongwa kwa patasi, vilevile kama kwenye viti vya mninga, mahali ambapo hakuna mteja hata mmoja ambaye angeona. Nilizunguka kochi lote. Pembe zote zilikuwa hivyo.

Nilihesabu kichwani: viti vitano kwa siku nne. Alizichonga saa ngapi? Nikakumbuka taa ya karakana ikiwaka usiku nilipokuwa nimelala na Nas masikioni, nikiamini anavalisha maua.

"Baba," nilisema, "hizi zote ulichonga?"

Alijivuta na kigoda chake karibu, akaishika ile pembe kwa mikono miwili, akaitikisa kwa nguvu alizobakiwa nazo. Haikucheza.

"Gundi imeshika," alisema. Akaninyooshea mkono nimpe patasi, maana upande wa chini palikuwa na kipande kilichohitaji kukwanguliwa kabla hatujaweka sponji mpya.